Barua Pepe Nazo Zitiwe Muhuri

Mwaka 1872 barua zilizotoka huku kwetu zilifika London, na watu wengi wakakataa kuziamini. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amemkuta Dakta Livingstone mjini Ujiji mwezi Novemba 1871. Walipoagana huko Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Machi mwaka uliofuata, Stanley alikabidhiwa barua za mzee yule pamoja na shajara yake. Mzigo huo ulichukuliwa na wapagazi kwa miguu mpaka pwani, ukavuka bahari, ukafika Uingereza. Lakini baadhi ya magazeti na mabwana wa elimu wa kule wakanong'ona kwamba barua zile ni za kughushi, kwamba Stanley hakufika Ujiji wala hakumwona Livingstone, na kwamba kisa kizima kilitungwa ili gazeti liuzike.

Ni nini kilichouzima uvumi ule? Haikuwa ufasaha wa Stanley, wala hasira zake, ingawa alizionyesha. Ni ushahidi. Shajara ile Livingstone alikuwa ameifunga mwenyewe kwa lakiri tano zilizogongwa kwa sarafu, naye aliagiza kwamba isifunguliwe njiani. Mwanawe, Tom, aliipokea na kuutambua mwandiko wa baba yake. Naye Lord Granville, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, aliandika mwezi Agosti 1872 kwamba hapakuwa na sababu ya kuzitilia shaka barua zilizoletwa. Hapo ndipo wengi waliponyamaza.

Tumekikumbusha kisa hiki kwa sababu kina funzo ambalo watu wa Kigoma wanalihitaji leo kuliko wakati mwingine wowote. Barua ya kweli isiyo na ushahidi huweza kudhaniwa ya uongo, na barua ya uongo iliyovishwa vizuri huweza kupokelewa kama ya kweli. Uzuri wa maneno yaliyomo hautenganishi hizo mbili. Kinachozitenganisha ni mjumbe anayejulikana, lakiri isiyovunjwa, na neno la mwenye barua. Mambo hayo matatu ndiyo tunayotaka kuyazungumzia leo, kwa upande wa barua za zama hizi, yaani barua pepe.

Hapana haja ya kueleza kwamba barua pepe imekwisha kuingia katika maisha ya mkoa huu. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa sahihi mwezi Desemba 2022, na kila penye mradi mkubwa pana zabuni, pana maombi ya kazi, pana ankara na malipo. Mizigo inayopita bandarini kwetu kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura hutanguliwa na hati zinazotumwa kwa barua pepe kati ya wenye mali, mawakala wa forodha na wenye meli. Mwanafunzi wa Kasulu au Uvinza aliyemaliza kidato cha sita hungoja habari za chuo na za mkopo kwa njia hiyo hiyo. Barua ambayo zamani ilimchukua mpagazi miezi mitatu, leo huchukua sekunde tatu. Na uongo nao husafiri kwa mwendo huo huo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Mwanga amenunua saruji na nondo za kupeleka Kalemie. Amekwisha kukubaliana bei na muuzaji wake wa Dar es Salaam, naye anangoja ankara. Asubuhi moja inamfikia barua pepe yenye jina la muuzaji yule yule, nembo yake ile ile, hata salamu zake za kila siku, ikisema: akaunti yetu ya benki imebadilika, tafadhali lipa katika namba hii mpya kabla ya saa tisa, tusije tukachelewa behewa. Mfanyabiashara anakwenda benki, analipa. Siku ya tatu muuzaji wa kweli anapiga simu kuuliza fedha ziko wapi. Mtaji wa miaka kumi umekwisha kutoweka, na pamoja nao karo za watoto na mishahara ya vibarua. Hapo hapana mlango uliovunjwa wala mlinzi aliyepigwa rungu. Mtu alitumiwa barua tu, akaiamini.

Au tuwatazame ndugu zetu wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Hakuna mtu aliye mwepesi wa kutumaini kuliko yule aliyengoja miaka ishirini. Barua inayodai kwamba jina lake limepita kwenda kuishi nchi ya tatu, ila atume kwanza ada kidogo ya kushughulikia hati, inaligusa jeraha lake lililo wazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limetangaza mara nyingi kwamba huduma zake hazilipiwi, na kwamba barua zake halali hutoka katika anwani inayoishia na unhcr.org. Matapeli nao wanalifahamu tangazo hilo, na kwa hiyo hujitahidi kuifanya anwani yao ifanane na hiyo.

Wavuvi wetu wa Kibirizi na Katonga wanaielewa hila hii kuliko mtu yeyote. Usiku wa giza taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika wakidhani wamepata neema, na wavu huinuliwa kutoka chini. Dagaa hawafukuzwi, huja wenyewe. Ndiyo maana kwa Kiingereza wizi huu umepewa jina linalotamkwa sawasawa na neno la uvuvi. Tofauti ni kwamba mvuvi wa ziwani anatafuta riziki halali, na huyu wa mitandaoni anawavua binadamu wenzake.

Sasa msomaji atauliza: inawezekanaje mtu wa mbali aandike barua kwa jina la kampuni au ofisi asiyoijua, na barua hiyo ifike? Jibu ni kwamba posta hii ya umeme ilijengwa na watu waliokuwa wakifahamiana. Kanuni za kupeleka barua pepe kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, ambazo misingi yake inatumika mpaka leo, ziliandikwa na Jonathan Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, zikatolewa mwezi Agosti 1982. Wakati huo mitambo iliyounganishwa ilikuwa michache, mingi yake ikiwa ya vyuo na ya serikali, wala hakuna aliyemdhania mwenziwe ubaya. Kanuni zile hazikumtaka mpelekaji athibitishe kwamba yeye ndiye anayejiita. Ni kama mtu kuandika nyuma ya bahasha kwamba barua imetoka kwa Mkuu wa Mkoa, kisha akaitumbukiza katika sanduku la posta. Posta haiulizi. Inapeleka.

Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifahamu. Barua pepe, kama barua ya karatasi, ina bahasha na ina barua yenyewe ndani. Anwani ya mpelekaji iliyoandikwa kwenye bahasha husomwa na mitambo inapopokezana. Anwani iliyoandikwa juu ya barua ndiyo unayoiona wewe msomaji. Hizi mbili si lazima zifanane. Tapeli anaweza kuandika anwani yake mwenyewe kwenye bahasha, na ndani akaweka jina la benki yako. Wewe huioni bahasha, unaona barua tu, na unaamini.

Wataalamu hawakukaa bure. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi wamebuni ulinzi wa aina tatu ambao sasa unatumika dunia nzima. Majina yake yanatisha kidogo, SPF, DKIM na DMARC, lakini kazi zake zinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kutuma barua kwa mkono wa mtu. Zote tatu husimama juu ya kile kinachoitwa kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani. Kila kikoa kina ubao wake wa matangazo katika mtandao, ambao mtambo wowote duniani unaweza kuusoma, lakini mwenye kikoa peke yake ndiye awezaye kuuandika. Ubao huo ni sehemu ya mfumo wa majina ya vikoa uitwao DNS.

Ulinzi wa kwanza, SPF, ni orodha ya wajumbe. Kanuni zake zilitolewa rasmi mwaka 2006, zikarekebishwa mwaka 2014. Mwenye kikoa huandika kwenye ubao wake: barua zangu huletwa na mitambo hii na hii, mwingine simjui. Barua ikifika, mtambo unaoipokea huitazama anwani ya bahasha, huusoma ubao, kisha huuliza kama aliyeileta yumo katika orodha. Lau London ya mwaka 1872 ingekuwa na orodha ya wajumbe iliyobandikwa na Livingstone mwenyewe, ikiwa na jina la Stanley ndani yake, nusu ya makelele yale isingekuwapo. Upungufu wa SPF ni kwamba hutazama bahasha, wala haitazami barua iliyomo. Tena barua ikipokelewa na mtu mmoja na kupelekwa mbele kwa mwingine, mjumbe wa mwisho hayumo katika orodha, na barua ya kweli huonekana ya uongo.

Ulinzi wa pili, DKIM, ndio lakiri. Ulitolewa rasmi mwaka 2007, baada ya kampuni za Yahoo na Cisco kuunganisha mipango yao miwili, na kanuni zake zikaandikwa upya mwaka 2011. Hapa mwenye kikoa ana funguo mbili zilizotengenezwa kwa hesabu ngumu. Mmoja ni wa siri, nao hukaa katika mtambo wake. Mwingine ni wa hadhara, nao hubandikwa kwenye ubao. Kila barua inapotoka hugongwa muhuri kwa ufunguo wa siri, na muhuri huo huhesabiwa kutokana na maneno yenyewe ya barua. Anayeipokea huchukua ufunguo wa hadhara, akaupima muhuri. Ikiwa mtu njiani amebadili hata tarakimu moja ya namba ya akaunti iliyotiwa muhuri, hesabu haikubali, na lakiri huonekana imevunjwa. Uzuri wake ni kwamba lakiri haijali ni nani aliyeibeba barua. Barua ikipita mikono mitatu bila kuguswa, muhuri hubaki mzima, kama lakiri tano za shajara ya Livingstone zilivyobaki nzima toka Kwihara hadi Uingereza.

Ulinzi wa tatu, DMARC, ni neno la mwenye nyumba. Ulitangazwa mwezi Januari 2012 na kampuni kubwa zilizochoshwa na matapeli, miongoni mwao Google, Microsoft, Yahoo na PayPal, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 2015. Huu unafanya mambo matatu. Kwanza, unadai kwamba jina linaloonekana na msomaji juu ya barua lilingane na lile lililopimwa na orodha ya wajumbe au na lakiri. Hivyo ile hila ya bahasha moja na barua nyingine inakwisha. Pili, unamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa mtihani: ama aiache ipite huku ikihesabiwa tu, ama aitenge katika kapu la barua taka, ama aikatalie mlangoni kabisa. Tatu, unaomba taarifa. Mitambo mikubwa ya duniani humtumia mwenye kikoa hesabu ya barua zilizotumwa kwa jina lake na mitambo iliyozituma, ili ajue kama kuna mtu anayejificha nyuma ya jina hilo.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba ulinzi huu ni dawa ya kila ugonjwa. Unamzuia tapeli asitumie jina lako hasa. Haumzuii kusajili jina linalofanana na lako, akaongeza herufi moja au kubadili nukta ya mwisho, kisha akalitia jina hilo jipya muhuri halali kabisa. Haumzuii kufungua anwani ya bure na kuandika juu yake jina la meneja wako. Wala haumzuii aliyeiba nywila ya mhasibu wako akaingia katika sanduku lake la barua na kuandika kutoka humo. Barua hiyo itakuja na mjumbe halali na lakiri nzima, kwa maana imetoka ndani ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala tusidhani kwamba wanaodanganyika ni wajinga tu. Kati ya mwaka 2013 na 2015 mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la kampuni ya Asia inayouza mitambo ya kompyuta, kisha kwa barua pepe na ankara za kughushi akapokea zaidi ya dola milioni 100 kutoka Google na Facebook. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 nchini Marekani mwaka 2019. Ikiwa kampuni zilizojaa mabingwa wa kompyuta zililipa ankara za uongo, ni haki gani tunayo ya kumcheka mama muuza migebuka aliyetumiwa ujumbe wa uongo na akauamini?

Na hapa ndipo ilipo hoja yetu. Kwa muda mrefu sasa, kila mwananchi anapoibiwa kwa barua ya kughushi, huambiwa: ungekuwa mwangalifu. Twakubali kwamba uangalifu ni ngao. Lakini mwananchi hawezi kuiona bahasha, hawezi kuupima muhuri ambao haukugongwa, wala hawezi kuuliza orodha ya wajumbe ambayo haikuandikwa. Kazi hizo tatu ni za mwenye kikoa peke yake. Taasisi yenye jina linaloaminika na watu, kisha ikaliacha jina hilo wazi bila kufuli, ni sawa na mtu aliyeacha muhuri wa ofisi dirishani usiku. Mwizi ana hatia, hilo halina ubishi. Lakini mwenye muhuri naye ana la kujibu.

Tunalisema hili kwa kila chuo, kila hospitali, kila chama cha ushirika, kila wakala wa mizigo, kila benki na kila idara inayoandikia watu wa mkoa huu. Tena lipo kosa jingine lililo baya zaidi, nalo ni la ofisi ambazo hazina hata kikoa. Si jambo geni kuona tangazo la kazi au la zabuni lenye nembo na muhuri wa wino, lakini mwisho wake limewekwa anwani ya bure ambayo mtoto yeyote mwenye simu anaweza kufungua mfano wake kwa dakika tano. Ofisi inayofanya hivyo inawafundisha wananchi kuamini anwani ya namna hiyo. Kesho tapeli akifungua nyingine yenye herufi moja zaidi, mwananchi atatumia kipimo gani kuzitofautisha? Serikali imekwisha kuagiza watumishi wake watumie anwani rasmi za serikali katika kazi za umma, na ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, kusimamia mambo hayo. Agizo hilo lifuatwe mpaka ngazi ya chini kabisa, na sekta binafsi nayo iige.

Yapo majibu ambayo hutolewa kila jambo hili linapotajwa. La kwanza ni gharama. Jibu hilo halina uzito. Orodha ya wajumbe, ufunguo wa hadhara na neno la mwenye nyumba ni mistari michache ya maandishi inayowekwa kwenye ubao ambao mwenye kikoa amekwisha kuulipia. Kinachohitajika ni kazi ya fundi anayejua anachofanya, na uangalizi wa mara kwa mara.

Jibu la pili ni hofu kwamba barua halali zitazuiliwa. Hofu hii ina msingi, na dawa yake inajulikana. Taasisi ianze kwa kuhesabu tu, bila kuzuia. Isome taarifa zinazokuja kwa majuma kadhaa, nayo itagundua kwamba barua zake hutumwa na mitambo ambayo uongozi ulikwisha kuisahau: mfumo wa ankara, mfumo wa matokeo ya wanafunzi, fundi wa tovuti. Ikiwa imekwisha kuiandika yote katika orodha, ihamie kwenye kutenga, na mwisho kwenye kukataa. Ugonjwa tunaouogopa ni wa kuishia katika hatua ya kwanza. Neno la mwenye nyumba lisemalo tu hesabuni wezi wanaopita halimzuii mwizi hata mmoja.

Jibu la tatu husema kwamba sisi ni watu wadogo wa pembezoni, nani atatuiga? Tunasema hapana. Tapeli hatafuti ukubwa, anatafuta mlango ulio wazi. Na hata kama hakuna atakayekuiga, ukikosa muhuri utaumia wewe mwenyewe. Tangu mwezi Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zinawataka wote wanaotuma barua nyingi kwa wateja wao, kwa upande wa Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku, wawe na ulinzi wote mitatu, na wapelekaji wadogo wawe angalau na orodha ya wajumbe au lakiri. Microsoft nayo ilifuata kwa anwani zake za Outlook mwezi Mei 2025. Kwa hiyo chuo au hospitali isiyojishughulisha itaona barua zake za kweli zikitupwa katika kapu la taka, na mwanafunzi wa Kakonko hatajua kwamba amechaguliwa. Hayo ndiyo yaliyompata Stanley: barua za kweli zikaitwa za uongo, kwa kuwa mlangoni palitakiwa ushahidi.

Kuhusu sheria, nchi yetu haikukosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kughushi, kulaghai na kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta kuwa ni makosa ya jinai. Tunaiunga mkono, nasi tunataka itumike bila huruma kwa kupe hawa. Lakini sheria huja baada ya tendo. Mwizi wa barua pepe anaweza kuwa bara jingine, na fedha zikaruka mipaka mitatu kabla mwenye mali hajafika kituo cha polisi. Ulinzi tunaousema huja kabla ya tendo, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa mwananchi wa kawaida, tuna maneno machache ya kumshika mkono wakati taasisi zinaamka. Barua yoyote inayotaka fedha, nywila au namba ya siri, na inayokuharakisha, ihesabiwe ya uongo mpaka ithibitishwe. Usisome jina tu la mpelekaji. Isome anwani nzima, herufi kwa herufi, na hasa maneno yanayofuata alama ya @. Ikiwa unatumia Gmail katika kompyuta, fungua sehemu inayoonyesha barua katika sura yake ya asili, nawe utaona majina yale matatu, SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja kama barua imefaulu au imeshindwa. Iliyoshindwa iogope. Iliyofaulu ijue tu kuwa imetoka katika kikoa kilichoandikwa, kisha ujiulize kama kikoa hicho ndicho unachokifahamu.

Kwa wafanyabiashara tunaongeza kanuni moja ambayo haihitaji mtambo wowote. Akaunti ya malipo inapodaiwa kubadilika, usijibu barua ile wala usipige namba iliyoandikwa ndani yake. Piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti unayoijua. Na malipo makubwa yasiidhinishwe na mtu mmoja. Macho mawili yanaweza kusinzia, manne ni vigumu.

Ujumbe wa simu nao usisahauliwe, maana huko hakuna lakiri ya namna tuliyoieleza. Nani katika mkoa huu hajawahi kupokea ule usemao ile hela itume kwenye namba hii? Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano zimewahi kuutaja mkoa wa Rukwa, jirani yetu wa ziwa hili hili, pamoja na Morogoro, kuwa miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Mamlaka hiyo imetoa namba 15040 ya kupelekea taarifa za namba za matapeli. Anayeufuta ujumbe wa tapeli na kunyamaza amejiokoa mwenyewe. Anayeutolea taarifa amemwokoa na jirani.

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Wazee wetu wa Ujiji walioona misafara ikiingia na kutoka walijua kwamba mjumbe huulizwa ametumwa na nani kabla ya kuombwa habari. Hekima hiyo haikuzeeka. Tunatoa mwito kwa wakuu wa taasisi zote za mkoa huu wawaite mafundi wao juma hili na kuwauliza maswali matatu: orodha yetu ya wajumbe imeandikwa? Barua zetu zinagongwa lakiri? Na neno letu mlangoni linasema kataa, au linasema hesabu tu? Kiongozi atakayepata jibu la wasiwasi asiliache swali hilo mpaka lipate jibu la hakika. Jina la taasisi yake ni amana ya watu wanaoliamini, na amana hulindwa kabla haijaibiwa.